"Kwetu Haipo": Ukoo na Utambuzi wa Saratani ya Matiti

Kila Oktoba, riboni za waridi zinapoenea maofisini na kwenye vyombo vya habari vya Afrika Mashariki, husikika kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza ni ya mwanamke anayesema kwao saratani ya matiti haipo, kwa hiyo foleni ya kupimwa haimhusu. Ya pili ni ya yule ambaye mama yake alifariki kwa ugonjwa huo, naye anaishi akingoja zamu yake. Wa kwanza amejipa kinga asiyokuwa nayo, wa pili amejihukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kati yao yuko mhudumu wa afya ambaye mara nyingi huuliza swali moja tu, kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua saratani, kisha hana maelekezo ya nini afanye kwa aliyejibu ndiyo na nini amwambie aliyejibu hapana.

Mkanganyiko huu una gharama. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika na saratani ya matiti duniani, na watu 670,000 walifariki. Kama historia ya ukoo inatabiri vizuri nani ataugua, basi nchi zenye mashine chache na wataalamu wachache zingefanya busara kuwatafuta wenye ukoo huo kwanza. Kama haitabiri vizuri, kuwategemea hao peke yao ni kuwaacha wengi. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya ukoo inafaa kuamua nani afuatiliwe mapema na kwa namna ya pekee, lakini haifai kuamua nani anastahili kuchunguzwa. Na katika mazingira yetu, kazi ya kufuatilia ukoo ianzie kwa mgonjwa aliyekwisha kupatikana.

Kinachorithiwa na kisichorithiwa

Dhana kwamba saratani ya matiti hufuata koo ni ya zamani kuliko vipimo vyote. Mwaka 1866 daktari Mfaransa Paul Broca aliandika kuhusu ukoo wa mke wake, ambamo wanawake wa vizazi kadhaa walikufa kwa saratani. Uthibitisho wa kisayansi ulichelewa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1990 Mary-Claire King na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba katika baadhi ya familia ugonjwa unaambatana na sehemu ya kromosomu ya 17. Mwaka 1994 jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana, na mwaka uliofuata ikafuata BRCA2 iliyo kwenye kromosomu ya 13. Kazi ya kawaida ya jeni hizi ni kusaidia kukarabati vinasaba vinapokatika ndani ya seli. Zinapokuwa na hitilafu, makosa hulimbikizana hadi seli ikaanza kukua bila breki.

Hatari inayotokana na hitilafu hizo ni kubwa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa asilimia 72 wa kuugua saratani ya matiti kabla ya kufika umri wa miaka 80, na mwenye hitilafu ya BRCA2 asilimia 69. Kwa saratani ya ovari makadirio yalikuwa asilimia 44 na 17. Kila mtoto wa mwenye hitilafu, awe wa kike au wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Hapa ndipo kosa la kwanza la jamii linapoonekana: watu huuliza habari za mama na bibi mzaa mama, wakasahau kuwa baba naye hurithisha. Shangazi aliyeugua akiwa na miaka 35 ana uzito uleule wa mama mdogo aliyeugua katika umri huo.

Hata hivyo, saratani zinazotokana na jeni za aina hii moja kwa moja ni kati ya asilimia 5 na 10 ya saratani zote za matiti. Zipo familia ambamo ugonjwa hujirudia kwa sababu ya mkusanyiko wa tofauti ndogondogo za vinasaba, au kwa sababu ndugu wameishi maisha yanayofanana. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hutokana na makosa yanayotokea ndani ya seli kadiri umri unavyosonga, yakichochewa na mambo kama kuvunja ungo mapema, kukoma hedhi kwa kuchelewa, kupata mtoto wa kwanza ukubwani, kutonyonyesha, pombe, na unene baada ya hedhi kukoma. Mengi ya haya yanaongezeka katika miji yetu, na hayasubiri ruhusa ya ukoo.

Hesabu ya hatari

Uchambuzi mkubwa kuhusu suala hili ulichapishwa mwaka 2001, ukiunganisha takwimu za tafiti 52 zenye wanawake zaidi ya 58,000 waliougua na takriban 102,000 wasiougua. Ulionyesha kwamba mwanamke mwenye ndugu mmoja wa karibu aliyeugua, yaani mama, dada au binti, ana hatari karibu mara 1.8 ya asiye naye. Akiwa na wawili, hatari hufika karibu mara tatu. Maneno kama "mara mbili" hutisha mpaka yawekwe kwenye hesabu kamili. Katika nchi tajiri, kwa makadirio ya uchambuzi huo, wanawake wasio na ndugu wa karibu aliyeugua wangepata ugonjwa kwa asilimia 7.8 hadi kufikia umri wa miaka 80, wenye ndugu mmoja asilimia 13.3, na wenye ndugu wawili asilimia 21.1. Maana yake ni kwamba hata mwenye ndugu wawili waliougua, uwezekano mkubwa ni kuwa yeye hataugua. Yule anayeishi akingoja zamu yake anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Uchambuzi huohuo una takwimu nyingine inayomhusu yule anayesema kwao haipo: katika kila wanawake 9 wanaougua, 8 hawana mama, dada wala binti aliyewahi kuugua. Hapa hakuna ukinzani. Wenye historia ya ukoo wana hatari kubwa zaidi, lakini ni wachache. Wasio nayo wana hatari ndogo zaidi, lakini ni wengi mno, na kundi kubwa lenye hatari ndogo huzaa wagonjwa wengi kuliko kundi dogo lenye hatari kubwa. Mpango utakaowachunguza wenye historia ya karibu peke yao, hata ukitekelezwa bila dosari, utawakosa wagonjwa wengi sana.

Kwetu kuna tatizo la ziada: historia yenyewe haiaminiki. Bibi aliyefariki kijijini miaka ya 1970 huenda alizikwa bila ugonjwa wake kujulikana, na "tumbo" lililomuua shangazi lingeweza kuwa ovari. Familia yenye watoto wa kiume watupu inaweza kupitisha hitilafu kwa vizazi viwili bila mtu kuugua. Nyumba za mitala na ndugu waliotawanyika huacha pengo zaidi. Hata mahali ambapo kumbukumbu ni nzuri, ukoo huficha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Wayahudi wa Ashkenazi nchini Israeli, ambao King alishiriki, ulionyesha kuwa takriban nusu ya familia zilizokutwa na hitilafu za BRCA hazikuwa na historia ya saratani ambayo ingewafanya wapimwe. Ikiwa hali ni hiyo penye hospitali na kumbukumbu, neno "kwetu haipo" katika mazingira yetu mara nyingi lina maana ya "kwetu haijulikani".

Misimamo mitatu

Msimamo wa kwanza unasema tuwatafute wenye ukoo wenye ugonjwa, tuwapime jeni, tuwafuatilie kwa karibu. Nguvu yake ni kwamba una jambo halisi la kuwapa. Mwenye hitilafu ya BRCA anaweza kuanza kipimo cha MRI cha matiti kila mwaka akiwa kijana, kama miongozo ya Uingereza inavyoelekeza kuanzia miaka 30. Upasuaji wa kuondoa matiti kabla ya ugonjwa hupunguza hatari kwa takriban asilimia 90 au zaidi, na kuondoa ovari baada ya kumaliza kuzaa hupunguza sana hatari ya saratani ya ovari. Mwigizaji Angelina Jolie alipotangaza mwaka 2013 kuwa amefanyiwa upasuaji wa kuondoa matiti, mahitaji ya kipimo yaliongezeka katika nchi kadhaa, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa jeni za asili haziwezi kumilikiwa kwa hataza, uamuzi uliofungua mlango wa ushindani na bei kushuka. Udhaifu wake tumekwisha kuuona: unawafikia wachache. Isitoshe, hifadhidata za jeni zimejengwa zaidi kwa sampuli za watu wenye asili ya Ulaya, hivyo Mwafrika hupewa mara nyingi zaidi majibu yasiyoeleweka, kwamba kuna badiliko lakini haijulikani kama lina madhara. Na kumwambia mtu ana hatari ya asilimia 70 mahali ambapo MRI iko mbali na upasuaji hauna fidia ya bima ni kumkabidhi hofu bila njia ya kuitumia.

Msimamo wa pili unasema ukoo uwekwe pembeni, wanawake wote wa umri fulani wapigwe mamografia. Huu una ushahidi wa majaribio makubwa. Jopo huru lililoongozwa na Michael Marmot nchini Uingereza lilihitimisha mwaka 2012 kuwa upimaji wa wanawake kuanzia miaka 50 hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa takriban asilimia 20. Lakini jopo hilo pia lilitaja bei yake: wanawake 10,000 wakialikwa kupimwa kwa miaka 20, vifo 43 vitazuiwa, na wanawake 129 watatibiwa saratani ambayo isingewadhuru maishani mwao. Kwetu mizani hiyo huelemea vingine. Wagonjwa wengi wa Afrika ni wa umri mdogo kuliko wa Ulaya, kwa sababu watu wetu kwa ujumla ni vijana, na titi la kijana lina tishu nzito ambazo kwenye picha ya mamografia huonekana nyeupe kama uvimbe wenyewe, hivyo uvimbe hujificha. Mashine ziko mijini, wasomaji wa picha ni wachache, na kila picha yenye shaka huhitaji altrasaundi, kuchukuliwa kinyama, na mtaalamu wa patholojia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 ulitahadharisha kwamba mahali penye mifumo dhaifu ya afya, upimaji wa watu wote kwa mamografia huenda usilingane na gharama zake, na kwamba kuwahi dalili kutangulie.

Msimamo wa tatu ndio huo wa kuwahi dalili: kila mwanamke ayajue matiti yake, na kila mwenye uvimbe, chuchu iliyoingia ndani, damu kwenye chuchu, ngozi iliyokunjamana au donge kwapani achunguzwe bila kucheleweshwa. Nguvu yake ni kwamba unalenga pale watu wetu wanapofia. Kwa miaka mingi wengi wa wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali nyingine za rufaa za ukanda huu wamekuwa wakifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Utafiti uliofuatilia wanawake wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, ulikadiria kwamba kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo vingeweza kuzuiwa kwa kutambua ugonjwa mapema kwa wenye dalili na kuboresha matibabu. Mjini Mumbai, India, jaribio la miaka 20 lililohusisha wanawake zaidi ya 150,000 lilionyesha kuwa uchunguzi wa matiti kwa mikono ya wahudumu waliofundishwa hufanya ugonjwa ugunduliwe katika hatua za chini, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Udhaifu wake ni kwamba unasubiri dalili zijitokeze au mkono uzihisi. Mwanamke wa miaka 32 mwenye hitilafu ya BRCA1, ambayo mara nyingi huleta uvimbe unaokua haraka, hawezi kuachiwa mpango huo peke yake.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza ni kwamba kama ukoo unawakosa wagonjwa 8 katika 9, basi swali la ukoo lifutwe. Jibu ni kwamba kipimo kinachoshindwa kazi moja kinaweza kufaulu nyingine. Swali la ukoo halifai kumwambia mwanamke arudi nyumbani, lakini linafaa kumwambia aanze mapema. Kanuni inayotumika katika miongozo mingi ni kuanza uchunguzi takriban miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu wa karibu aliugua, hivyo binti wa aliyeugua akiwa na miaka 45 huanza kufuatiliwa akiwa na 35. Taarifa hiyo haina gharama ya mashine. Inahitaji swali lililoulizwa vizuri: nani aliugua, mama aliyekuzaa au dada yake, dada wa baba na mama mmoja au binti wa mama mdogo, ugonjwa gani, akiwa na umri gani, titi moja au yote mawili, na kama yupo mwanamume aliyeugua saratani ya titi.

Pingamizi la pili ni la heshima na ndoa. Katika jamii zetu, pwani na bara, kabla ya posa kukubaliwa wazee huchunguza maradhi ya ukoo wa upande wa pili, na familia nyingi huona heri kunyamaza kuliko mabinti kukosa wachumba. Hofu hii ina msingi, na mhudumu anayepaza sauti mbele ya foleni huiongeza. Lakini ukimya hauondoi hitilafu kwenye damu; huwaondolea mabinti nafasi ya kujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kinachohitajika ni faragha katika kuuliza, na kuwaeleza wazee ukweli kwamba mwanamume hubeba na kurithisha hitilafu sawa na mwanamke, kwa hiyo mzigo wa lawama hauna haki ya kuwekwa mabegani mwa wanawake peke yao.

Pingamizi la tatu linatoka Shanghai. Huko wafanyakazi wa kike wa viwanda vya nguo zaidi ya 266,000 walishirikishwa katika jaribio la kufundishwa kujipima matiti, na matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa vifo havikupungua, huku upasuaji wa uvimbe usio na madhara ukiongezeka. Je, basi kuwahimiza wanawake wajichunguze ni kupoteza wakati? Jaribio hilo linatosha kutuzuia tusiahidi kwamba kujipima kila mwezi kwa hatua maalumu kutaokoa maisha. Halitoshi kututetea tunapomwacha mwanamke akae na donge kwa mwaka mzima. Kuyajua matiti yako ili ubaini mabadiliko mapema ni jambo moja, na kulifanya zoezi la kila mwezi kuwa badala ya mtaalamu ni jambo jingine. Tena uvimbe mwingi wa matiti si saratani, jambo ambalo likielezwa mapema hupunguza woga unaowafanya watu wajifiche.

Pingamizi la nne ni la kulaumu: kwamba wanawake wenyewe huchelewa kwa kuanzia kwa waganga wa kienyeji. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini wapo pia waliofika zahanati mapema wakaambiwa ni jipu, au maziwa yameganda kwa sababu wananyonyesha, wakapewa antibayotiki mara mbili au tatu kabla ya mtu kufikiria kuchukua kinyama. Nauli ya kwenda hospitali ya rufaa, majibu ya patholojia yanayochelewa, na dawa zinazokatika katikati ya matibabu ni ucheleweshaji usiotokana na mgonjwa. Ndiyo sababu Mpango wa Kimataifa wa Saratani ya Matiti, uliozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, uliweka vigezo vitatu vinavyoipima serikali: angalau asilimia 60 ya saratani zinazovamia tishu zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu.

Mizani

Misimamo yote mitatu ikiwekwa pamoja, unaobeba wengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi katika nchi zetu ni ule wa kuwahi dalili, na huo ndio unaostahili fedha za kwanza. Mamografia ya watu wote inaweza kusubiri hadi safari ya mgonjwa kutoka zahanati hadi maabara iwe fupi, kwa sababu picha inayogundua uvimbe ambao hautachunguzwa kwa miezi haimsaidii aliyepigwa. Swali linalobaki ni wapi pa kuuingiza ukoo bila kuvuruga mpangilio huo, na jibu la kufaa ni kuanzia kwa mgonjwa.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kisayansi. Mwanamke mzima akipimwa jeni na asikutwe na kitu, hatujui kama ukoo wake hauna hitilafu au kama yeye tu ndiye hakuirithi. Mgonjwa akipimwa na kukutwa nayo, nduguze wanaweza kupimwa badiliko lilelile, na asiye nalo anarudi kwenye hatari ya kawaida akiwa na uhakika. Ushahidi wa Afrika unaunga mkono njia hii: katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,100 nchini Nigeria, uliochapishwa mwaka 2018, karibu mmoja katika saba alikutwa na hitilafu ya kurithi katika jeni zinazohusiana na saratani, BRCA1 na BRCA2 zikiongoza. Takwimu za Afrika Magharibi haziwezi kuhamishiwa Mwanza au Mombasa neno kwa neno, lakini zinatosha kuondoa dhana kwamba saratani ya kurithi ni jambo la Wazungu.

Sababu ya pili ni ya utekelezaji. Mgonjwa tayari yuko hospitalini, umri wake wa kuugua umeandikwa, ugonjwa wake umethibitishwa, na dada na binti zake mara nyingi ndio wanaomuuguza. Pasipo kipimo cha jeni, muuguzi bado anaweza kuorodhesha ndugu wa karibu, kuwaeleza hatari yao kwa hesabu kamili, na kuwapangia uchunguzi wa mikono na picha kulingana na umri. Penye uwezo, kipimo cha jeni kitolewe kwanza kwa waliougua wakiwa vijana, walioathirika matiti yote mawili, wenye saratani ya ovari, wanaume waliougua, na wenye ndugu zaidi ya mmoja upande uleule.

Kwa muhtasari, historia ya ukoo huongeza hatari bila kuitangaza hukumu, na kutokuwepo kwake hakumkingi mtu. Mwanamke mwenye uvimbe achunguzwe leo, awe na ukoo wa aina gani. Mwanamke mzima ambaye mama au dada yake aliugua aende kituoni na umri wa mgonjwa huyo akiwa ameushika kichwani, kwa kuwa umri huo ndio utakaoamua aanze lini. Na wizara za afya zinazotaka kutumia habari za ukoo zisianze kwa matangazo ya Oktoba. Zianze kwa kuhakikisha kila faili la mgonjwa wa saratani ya matiti lina ukurasa wa ndugu zake, na yupo mtu mwenye jukumu la kuwaita.